American Anarchist: mzee anaulizwa maswali ya kijana

Mara ya kwanza niliizima filamu hii katikati. Nilikuwa peke yangu usiku, na anayeuliza maswali alinikera hadi nikafunga kompyuta na kwenda kulala. Baada ya wiki nikairudia na mwanangu, ambaye ana miaka 20, nikaimaliza. Safari hii hasira yangu haikuwa kwa muulizaji tena.

Hii ni filamu ya hali halisi ya dakika 80 hivi, ya mwaka 2016, iliyotengenezwa na Charlie Siskel. Karibu yote ni mazungumzo na mtu mmoja, William Powell, nyumbani kwake Ufaransa. Mwaka 1969 Powell alikuwa kijana wa miaka 19 huko New York. Vita vya Vietnam vilikuwa vimepamba moto, naye alikuwa na umri wa kuchukuliwa jeshini kwa lazima. Akawa anashinda kwenye maktaba kubwa ya umma ya jiji, anachambua vitabu vya kijeshi na vya kila namna, ananakili: milipuko, silaha, dawa za kulevya. Juu ya hayo akaweka maneno yake mwenyewe, ya moto, kwamba vurugu ndiyo njia pekee iliyobaki. Mwaka 1971 mchapishaji Lyle Stuart akakitoa kitabu kwa jina la The Anarchist Cookbook. Nakala zaidi ya milioni 2 zimeuzwa tangu hapo.

Kuna jambo ambalo natamani kila kijana anayeandika alijue: hati miliki haikuwa ya Powell. Ilikuwa ya mchapishaji. Kwa hiyo alipokuja kubadili msimamo na kuomba kitabu kisichapwe tena, aliambiwa hapana, kinauzika. Haki zikahama kutoka mikono hii kwenda mingine, yeye akabaki na jina tu juu ya jalada. Desemba 2013 aliandika makala katika gazeti la The Guardian la Uingereza akisema wazi kwamba msingi wa kitabu chake ulikuwa na kasoro, na kwamba kiondolewe madukani haraka na kimyakimya. Hakikuondolewa.

Na huyu mtu, katikati ya hapo, alifanya nini? Alisomesha. Alikwenda Saudi Arabia, Tanzania, Indonesia, Malaysia, akifundisha na kuongoza shule za kimataifa. Aliwahi kuongoza moja Dar es Salaam. Pamoja na mkewe, Ochan, aliandika vitabu vya ualimu, na kazi yao kubwa ilikuwa watoto wanaopata shida kujifunza, wale ambao shule nyingi huwasukuma pembeni. Mimi ni mwalimu. Najua kazi hiyo inavyokula mtu. Filamu inaigusa juujuu tu na kupita, na hilo ndilo kosa lake kubwa kwangu. Siskel ana mtu aliyetumia miaka kama arobaini akitengeneza, na yeye anataka kurudi kwenye miaka michache ya kubomoa.

Lakini hebu niwe mkweli kuhusu kilichonifanya nizime.

Siskel haonekani, anasikika tu. Anataja tukio, halafu lingine. Mlipuko wa bomu Oklahoma City, Marekani, mwaka 1995, watu 168 waliouawa. Mauaji ya shule ya Columbine, hukohuko Marekani, mwaka 1999, wanafunzi 12 na mwalimu mmoja. Ni matukio ambayo kitabu kimetajwa kuhusiana na waliohusika, na baada ya kila moja linakuja swali lilelile kwa sura nyingine: ulijua? Ulijisikiaje? Kwa nini hukusema mapema? Powell anajibu taratibu, kwa sauti ya mtu aliyezoea kuongea na wazazi wa wanafunzi. Anakubali kwamba anajuta. Anakubali kwamba asingekiandika leo. Swali linapofika kwenye kuwajibika, anaanza kuchagua maneno. Aliyefanya ni aliyefanya. Yeye alikuwa na miaka 19. Maelezo yale yalikuwa yamekaa maktabani, mtu yeyote angeyapata.

Yote hayo ni kweli, na bado unamwona jinsi asivyotulia nayo. Kuna nyakati ananyamaza na kamera haimwachi. Mtu mwenye mvi amekaa tu, ukimya unarefuka, na hakuna muziki unaokuja kumwokoa. Ndipo nilipozima.

Maana na mimi niliwahi kuandika. Nilikuwa na miaka 21, chuoni, chakula kilikuwa kibovu na sisi tulikuwa na njaa na hasira. Usiku mmoja nilichapa waraka wa kurasa nne kwa stensili, wino ukanishika hadi kwenye kwapa la shati, nikatia saini “Mwana wa Haki”. Ndani yake nilimtaja mtunza stoo, mama wa makamo, kwamba ndiye anayeuza mchele wetu. Sikuwa na ushahidi. Nilikuwa na sentensi nzuri tu, ile inayokuja yenyewe mtu akiwa na hasira, na niliipenda mno kuiacha. Siku ya pili wanafunzi walimtolea vyombo vyake nje. Aliondoka kwa miguu, kabeba sufuria na mtoto. Mwaka uliofuata ikajulikana mchele ulikuwa unapungua kabla haujafika stoo. Mimi nilikuwa nimeshachaguliwa kiongozi.

Nimeshasema kwa watu wengi kwamba naujutia waraka ule. Yule mama sijamtafuta.

Ndiyo maana Powell anaposema “najuta” na Siskel anamuuliza, basi ulifanya nini, nilichukia swali lile kana kwamba limeulizwa kwangu. Na ndiyo maana, baada ya kuiona yote, siwezi kusema Siskel kakosea kuuliza. Namlaumu kwa namna, si kwa swali. Anauliza kama mwendesha mashtaka aliyeshaandika hukumu, na anapomtajia Powell tukio hampi muda wa kulipokea kabla ya kuleta jingine. Mtu hawezi kutubu kwa mwendo huo. Bi Ochan, anapoonekana, anaonyesha kwa dakika chache kile ambacho muulizaji hakukipata kwa saa nyingi: kwamba kitabu kile kiliishi nao kama mtu wa tatu, kikiwafuata hata kwenye maombi ya kazi.

Mwanangu aliona kitu ambacho mimi nilikipita. Alisema, “Mzee, huyu wanamuuliza kama vile yule kijana bado yumo humo ndani. Kwani yumo?” Sikumjibu. Niliwasha taa, nikamwambia habari ya waraka. Hajawahi kuisikia. Aliniuliza jina la yule mama, na nikagundua kwamba silikumbuki, nakumbuka nililomwita kwenye karatasi.

Picha ni za kawaida, na vipande vya kumbukumbu za miaka ile ya maandamano Marekani vimechaguliwa vizuri. Usitegemee kuelezwa kilichomo ndani ya kitabu kwa undani, na ni vizuri hivyo. Kwa atakayeangalia na vijana: mazungumzo ni mazito, matukio ya mauaji ya shuleni yanatajwa kwa majina, kaa nao hadi mwisho. Kiingereza chake ni chepesi kufuata kwa sababu Powell anaongea kama mwalimu, neno moja moja. Naipa nyota nne kati ya tano, na ile moja naizuia kwa ajili ya wale watoto aliowafundisha, ambao hakuna hata mmoja aliyepewa nafasi ya kutosha kusema alikuwa mwalimu wa namna gani.

Powell hakuiona ikitoka. Alifariki Julai 2016 kwa mshtuko wa moyo akiwa Kanada, na miaka 66, na filamu ikaonyeshwa kwenye tamasha la filamu la Venice, Italia, Septemba ya mwaka huohuo. Wengi walisikia habari za kifo chake kutokana na filamu yenyewe, maandishi yanapotokea mwishoni kwenye kioo cheusi. Kitabu bado kinauzwa.