Suti ya mabawa ya wanaoanza: tuanze na zipu

Habari zenu ndugu zangu. Niko hapa Capri Point, Mwanza, ziwa hilo nyuma yangu, na mkononi nina suti ya mabawa (wingsuit), vazi la kurukia lenye kitambaa kati ya mikono na mbavu na katikati ya miguu; hii ni ile ndogo ya wanaoanza. Naongea na nyie mnaoruka parachuti tayari. Kama hujafikisha miruko 200, subiri kwanza. Chama cha warukaji cha Marekani, USPA, kinadai idadi hiyo kabla ya mruko wa kwanza wa mabawa, na mimi naiunga mkono kabisa.

Tazama matundu haya. Ndiyo yanayomeza upepo, kitambaa kinajaa, kinakuwa kigumu kama mto ulioshindiliwa pamba. Bila mabawa, ukilala kifudifudi unashuka karibu kilomita 200 kwa saa. Ndani ya hii unaweza kushuka nusu ya hapo, tena huku unakwenda mbele. Tupige hesabu ya huku kwetu: umetoka kwenye ndege mita 4,000, unafungua parachuti mita 1,500. Kila mita unayoshuka ikikupa mbili na nusu za mbele, umekwenda kilomita 6 na ushei. Hiyo ni kuvuka daraja la Kigongo–Busisi, kwenda na kurudi!

Bawa lenyewe dogo, na hapo ndipo ninapolipendea. Bawa kubwa likikushinda linakuzungusha kama pia.

Sasa sogeza kamera. Zipu ya mkono. Mkono umefungwa ndani ya bawa, kwa hiyo parachuti ikishafunguka hufikii kamba za kuongozea mpaka zipu iachie. Naivuta... umeona? Mvuto mmoja, na glavu nimevaa. Asubuhi hii nimeivuta zaidi ya mara thelathini, haijakwama hata mara moja. Hapo fundi amefanya kazi.

Wakati wa kuvuta parachuti, mikono yote miwili inarudi nyuma kwa pamoja, miguu umeibana. Kwa pamoja, jamani. Mruko wangu wa tatu mkono wa kulia ulitangulia, bawa la kushoto likabaki wazi, parachuti ikafunguka mwili umeshapinda, kamba zikajisokota juu yangu. Nilipiga mateke hewani mpaka zikanyooka, roho mkononi. Tangu siku hiyo naivaa nyumbani, nasimama sebuleni, narudisha mikono nyuma, tena na tena, mpaka jasho linitoke.

Na mlangoni mwa ndege, mabawa yafunge. Ukiyafungua mapema upepo unakunyanyua kwenye mkia. Mkia ukishapita, fungua.

Mkitaka nioneshe inavyounganishwa na begi la parachuti, niandikieni hapo chini.