Django: klasi mama inayokuachia nafasi

Nimeitumia Django, zana ya kujengea tovuti kwa lugha ya Python, miezi minne kumtengenezea mama mmoja wa soko la Mwaloni, Kirumba, Mwanza, tovuti ya bei za dagaa. Kilichonishika ni TemplateView, klasi mama ya kuonyesha ukurasa: klasi yako inarithi kazi zake, kisha unabadilisha unachotaka. Klasi mama yenyewe ni ndogo, imekatwa katika methodi (vipande vya kazi) unazoweza kuzibadilisha moja moja: get_template_names huchagua kiolezo, yaani faili la sura ya ukurasa, get_context_data hukusanya data ya kuonyesha. Nilitaka wateja wa simu ndogo wapate ukurasa mwepesi. Nikaiandika upya get_template_names peke yake, mistari minne, mengine sikuyagusa. Hapo unaona kuna mtu alikaa akawaza mwenzake atataka kutia mkono wapi.

Ila ukiiandika upya get_context_data, mwite mzazi kwa super(), yaani acha methodi ya klasi mama ifanye kazi yake kwanza! Mimi nilisahau, nikarudisha data yangu tu, na namba ya kizimba iliyotoka kwenye anwani ya ukurasa ikapotea. Nyegezi umeme upo, intaneti ipo, na bado jioni nzima ikaniishia hapo. Kosa langu.

ListView, klasi ya kuonyesha orodha, ina mababu wengi, yaani klasi nyingi inazorithi. Kujua methodi ipi imetoka kwa nani ni kama kuulizia ukoo msibani. Nyota nne.