Madalali wa Sinza wanaoandika kasoro za nyumba

Nyota nne kati ya tano. Mimi na mume wangu tumenunua nyumba kupitia ofisi hii, na kuna jambo moja nataka wanunuzi wenzangu walijue: madalali wa hapa wanaandika kasoro za nyumba kwenye karatasi na kutia saini zao wenyewe, kabla hujatoa hata shilingi ya malipo ya awali. Kwa mji huu wa Dar es Salaam, ambao dalali anakuapia kwamba "nyumba haina shida" huku amesimama getini, ndani hajaingia, hilo si jambo dogo.

Fomu yenyewe ina kurasa nne, kwa Kiswahili kinachoeleweka. Sehemu ya kwanza anajaza mwenye nyumba. Anaulizwa ana nini mkononi, hati miliki, ofa (barua ya kugawiwa kiwanja) au leseni ya makazi, na jina lililoandikwa humo ni la nani. Anaulizwa kama nyumba imewekwa dhamana benki, kama mke au mume ameridhia kuuza, na kama ni mali ya mirathi, msimamizi aliyeteuliwa na mahakama ni nani. Hilo la mirathi peke yake lingeokoa familia nyingi. Ndugu mmoja anauza, anapokea hela, halafu wenzake wanaibuka na kesi wakati wewe umeshahamia.

Sehemu ya pili anajaza dalali: kile alichokiona kwa macho yake. Majibu ni "ndiyo", "hapana" na "sijui", na anayeweka "sijui" lazima aandike amemuuliza nani. Dada yangu anaishi California, na aliniambia kule hili ni agizo la sheria. Muuzaji anajaza tamko la hali ya nyumba, wakala naye anapaswa kuikagua kwa macho na kuandika alichokiona. Tena Marekani nzima, anayeuza nyumba iliyojengwa kabla ya 1978 lazima aseme anachojua kuhusu rangi yenye madini ya risasi. Hawa wa Sinza hawajasubiri kuamriwa na mtu, na ndiyo maana nawaheshimu.

Nyumba ya kwanza tuliyoipenda ilikuwa Tabata, upande wa bondeni. Vyumba vitatu, rangi mpya, bei inavutia. Kijana wa ofisi aliyetupeleka aliomba kabati la chumba cha nyuma lisogezwe. Nyuma yake fundi rangi hakufika: kulikuwa na mstari wa kahawia umenyooka ukutani, usawa wa soketi, na chini yake plasta imevimba, ukiigusa inamomonyoka. Mwenye nyumba akasema maji yaliingia mara moja tu, zile mvua za El Nino za 2023. Kijana akaandika hivyo hivyo. Kisha akatoka kwenda kwa jirani, mama mmoja aliyekuwa anaanika dagaa, akamsalimia shikamoo na kumuuliza. "Kila masika sisi tunapandisha magodoro juu ya meza, mwanangu." Nalo akaliandika, mstari unaofuata. Mwenye nyumba alipomtaka alifute, alimjibu kwa adabu kabisa: "Baba, hapa chini nasaini mimi. Nimeliona na nimelisikia."

Akavuta futi kutoka ukuta wa nyuma hadi kingo za mto. Haikufika mita arobaini. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, na fomu ina swali kuhusu hilo, kama ilivyo na swali la hifadhi ya barabara. Nani amesahau Kimara 2017, nyumba zilizochorwa X na kubomolewa kupisha upanuzi wa Barabara ya Morogoro? Tuliiacha nyumba ile. Ofisi ilikosa udalali wake siku hiyo, na hakuna aliyetununia.

Tuliyonunua iko Kinyerezi. Haikuwa safi kwenye karatasi: ufa juu ya dirisha la jiko, shimo la choo linalohitaji kunyonywa, na deni la kodi ya majengo lililolimbikizwa kwenye luku, yaani mita ya umeme. Yote tuliyakuta kama yalivyoandikwa, na kwa karatasi hiyo hiyo tukapunguziwa bei bila kelele.

Sasa nyota iliyobaki. Nakala yangu ya fomu nililazimika kuidai, na nilipoipata ilikuwa fotokopi iliyofifia, saini ya muuzaji haionekani vizuri. Karatasi hiyo ndiyo ushahidi wa mnunuzi siku mambo yakiharibika. Wampe nakala yenye saini halisi hapo hapo.

Linaloniuma zaidi ni wapangaji. Kwao fomu hii haipo kabisa, wanapewa mkataba wa pango tu. Mpangaji wa Dar analipa miezi sita, mwingine mwaka mzima mbele, juu yake mwezi mmoja wa dalali. Akigundua luku ni ya kuchangia na wapangaji watano, au maji yanatoka usiku wa manane tu, hela imeshaenda. Nilimweleza bosi wa ofisi, akasema kazi ya kupangisha ni nyingi, vijana hawatamudu. Sikubaliani naye. Ukurasa mmoja unatosha: luku, maji, choo, mafuriko, na nani anayepokea kodi kihalali.

Ukienda, ofisi iko ghorofa ya kwanza, shuka kituo cha Kijiweni. Hela ya kuonyeshwa nyumba ni elfu ishirini na wanatoa risiti. Jumamosi wanafunga saa saba mchana. Omba fomu uisome kabla ya kupanda gari kwenda kuona nyumba, na umwambie bosi kwamba wapangaji nao wanaitaka.