TAHADHARI: Muuzaji wa Kariakoo anayepokea kianzio cha kamera ambazo hazijatoka

Naandika nikiwa na hasira na aibu, kwa kuwa wengi wenu mnajua fedha niliyomlipa muuzaji huyu ilikuwa ya kazi gani. Alichoniuzia yule kijana ni tetesi.

Ilikuwa Juni 2024, kampuni ya Canon ilipokuwa imeshatangaza mwezi Mei kwamba kamera yake mpya, EOS R1, itatoka mwaka huo. Alinipa kiti nyuma ya kaunta, akaniagizia soda, kisha akanionyesha kwenye simu jedwali lililozilinganisha kamera kubwa zisizo na kioo, mstari kwa mstari. Alieleza bila kusita kwamba Nikon Z9 haina kabisa shata ya kimakanika, yaani pazia linalofunguka na kufunga mbele ya kihisi, kwamba Sony A9 III husoma pikseli zote kwa mkupuo mmoja, ndiyo maana fimbo ya gofu haipindi pichani, na kwamba Canon R3 hufuata jicho la mpiga picha ili kujua pa kulenga. Hayo yote ni kweli, nami nilikuwa ninayajua. Ndipo akashusha sauti na kusema kwamba R1 itakuwa na jicho la R3, usomaji wa mkupuo wa A9 III na megapikseli zaidi ya 45, na kwamba mzigo wa kwanza utapitia kwa binamu yake Dubai. Mtu aliyepatia mambo matatu magumu, ningemshuku vipi kwenye la nne? Tena lenzi ya yule mwenzetu anayepiga picha za harusi aliileta yeye, ikafika salama.

Nikamtumia milioni tatu palepale, huku akinisomea namba polepole kama mwalimu wa imla. Jina lililotokea halikuwa lake; akasema ni la dada yake anayetunza hesabu.

Julai 17 kamera ikazinduliwa: megapikseli 24.2, bila usomaji wa mkupuo, kwa dola 6,299, yaani zaidi ya milioni 16, ilhali yeye aliniahidi kwa milioni 11. Jicho ndilo pekee alilolipatia. Nilipompigia akadai kwamba yangu ni toleo la Japani, kisha simu ikazimwa. Dukani pake sasa panauzwa makava ya simu.

Dalili zilikuwapo: tangazo la Canon la Mei halikutaja bei wala megapikseli, na risiti ya mkono aliyonipa muuzaji, isiyo ya EFD, mashine ya risiti za kodi, iliandikwa "kamera" tu. Hilo la jina la dada mmeshalisoma. Lakini asijitokeze mtu kunishauri nisuluhishe. Kujipatia fedha kwa udanganyifu ni kosa la jinai. Nataka akamatwe, arudishe kila shilingi, afungwe, na wenye maduka waliompangisha meza wahojiwe pia, maana haiwezekani kwamba hawakumwona akipokea fedha za watu mchana kweupe.

Jalada limeshafunguliwa polisi. Yeyote aliyemlipa, hata kama ni laki moja, alete ujumbe wa muamala wenye jina la huyo dada, tuuambatanishe.