Baskeli mpya ya milimani: mikono pale pale, gurudumu limekwenda mbele

Assalaam alaykum jamaa zangu. Leo nipo Wete, na baskeli mnayoiona nyuma yangu si yangu. Nimeiazima kwa kaka mmoja anayewakodishia wageni, nimekaa nayo siku tisa, na leo jioni inarudi kwa mwenyewe. Kampuni sitaitaja, hawajanilipa na wala hawanijui. Rangi, gea, breki za disku, hayo mtayaona kwenye video nyengine. Mimi leo nina shughuli na umbo la fremu tu.

Hii ya pembeni ndiyo yangu. Mtumba, tairi inchi 26, ya miaka ya 1990. Mdogo wangu, hebu rudi nyuma na kamera, zionekane zote mbili kwa ubavu. Haya. Ya zamani, uma wake wa mbele, ile miguu miwili inayoshika gurudumu, umesimama wima kama mwanafunzi aliyeitwa mbele ya darasa. Hii mpya uma umelala, gurudumu limechomoza kama mguu wa mtu aliyejinyoosha barazani.

Nimepima, sikukisia. Baskeli juu ya sakafu ya sementi, simu yenye programu ya pimamaji nimeilaza juu ya uma. Ya zamani digrii 71, mpya 65. Kisha nikachukua uzi wenye kijiwe, nikauning'iniza upite katikati ya ekseli ya pedeli, ile inayopita ndani ya fremu. Uzi wa pili ukapita katikati ya mdomo wa juu wa lile bomba linaloingia usukani. Umbali baina ya nyuzi hizo mbili ndio urefu wa fremu kwa mtu aliyesimama juu ya pedeli. Ya zamani sm 40, mpya sm 45 na nusu.

Mtasema basi mpya inamvuta mtu mbele. Hata! Tazameni kishingo kinachoshika usukani. Changu kina sm 12, hichi kipya kina sm 4 na nusu. Jumlisheni wenyewe: 52 kwa 50. Mikono yangu haijaenda popote, tena imerudi kidogo. Kilichokimbia ni gurudumu. Kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma, yangu sm 105, hii sm 118, na karibu nyongeza yote hiyo iko mbele.

Sasa twende kwenye mteremko. Kuna njia ya miguu hapa inashuka baina ya mikarafuu mpaka bonde la mpunga, udongo mwekundu, na chini pana mwembe uliotandaza mizizi njiani. Kwa baskeli yangu, mikono iko karibu juu ya gurudumu lenyewe. Gurudumu likikwama kwenye mzizi, mwili unaendelea na safari peke yake. Kidevu changu kina kovu, sina haja ya kueleza zaidi. Kwa hii mpya gurudumu liko mbali mbele yangu, linagonga mzizi, linapanda, na mimi bado niko katikati ya baskeli. Mara ya kwanza nilishuka nimeshika breki kwa mazoea. Mara ya tatu niliziachia, na sikuona ushujaa wowote, ilikuwa kama kushuka ngazi.

Pana jambo la pili linalofanya ile pembe iliyolala itulie. Chukua ule mstari wa bomba la usukani, ushushe mpaka ardhini. Utagusa chini mbele ya pale tairi linapogusa. Tairi linafuata nyuma ya mstari, kama magurudumu madogo ya kitanda cha hospitali yanavyojipanga yenyewe ukikisukuma. Kwa hesabu yangu, kwenye baskeli ya zamani nafasi hiyo ni kama sm 7, kwenye hii ni sm 12 na kitu. Kwa hiyo kwa kasi usukani unajinyoosha wenyewe.

Lakini punguza mwendo uone. Kwenye mlima wa kurudi, gea nyepesi kabisa, mwendo wa mtu anayetembea, gurudumu hilo hilo linataka kuanguka upande. Unageuza kidogo, linakwenda zaidi ya ulivyotaka. Siku ya kwanza nilichora nyoka mlima mzima, na watoto wa skuli wakanipita kwa miguu wakicheka. Dawa yake ni kuinama, kifua chini, uzito uende mbele. Ukikaa umejiegemeza nyuma kama uliyepakia gunia kwenye keria, itakusumbua.

Hapo siti inasaidia. Bomba la siti zamani lilikuwa digrii 73, hapa 76. Unakaa karibu juu kabisa ya pedeli, gurudumu la mbele halinyanyuki mlimani. Nimelipenda hilo kuliko yote, maana Pemba hii huchukui dakika tano bila kukutana na kilima. Shida ni barabara ya lami. Nilikwenda nayo Chake, kama kilomita 30, upepo wa kusi usoni, na nilipofika viganja vyote vimekufa ganzi. Siti ikisogezwa mbele hivyo, kwenye tambarare uzito unaangukia mikononi.

Sehemu ya nyuma ya fremu sina la kusema, karibu ni ile ile.

Na msidhani kulala huku ni uvumbuzi mtupu. Wale vijana wa Marin, California, waliokuwa wakishuka Mlima Tamalpais katika miaka ya 1970, walitumia baskeli kuukuu za Schwinn zenye matairi manene, na uma zao zilikuwa zimelala kuliko za mashindano zilizokuja baadaye. Hata Phoenix ya babu, yenye breki za vyuma, uma wake umelala. Tofauti ni kwamba ya babu siti nayo imelala, ndiyo maana anakwenda nayo sokoni kama sultani. Waliounganisha fremu ndefu na kishingo kifupi kabisa ni hawa wa karibuni. Mondraker, watengenezaji wa baskeli wa Hispania, mwanzoni mwa miaka ya 2010, walifika mpaka kishingo cha sm 1!

Neno kwa mafundi wetu. Nimeona mtu anachukua fremu ya zamani, anaitia uma mrefu wa springi ili ifanane na mpya. Kila sm 2 unazoongeza mbele, uma unalala kama digrii moja, sawa. Lakini siti nayo inalala digrii hiyo hiyo, mlimani unarudi nyuma, na fremu inabaki fupi vile vile. Juu ya hayo, shingo ya fremu inabeba mzigo ambao haikutengenezewa. Bora tia kishingo kifupi na usukani mpana, uishie hapo.

Ningeinunua? Ningekuwa naishi Mjini na njia yangu ni Bububu kwenda na kurudi, nisingeichukua hata kwa nusu bei, ni basi hili. Kwa mtu wa huku mashambani, ndiyo, ila mimi ningetafuta yenye uma wa digrii 66 au 67, kwa sababu vilima vyetu ni vifupi, unapanda mara nyingi sawa na unavyoshuka. Ukienda kwenye mtumba, nenda na uzi wako na kijiwe. Muuzaji atakucheka, mwache acheke.

Mdogo wangu, zima. Nataka kuitoa tope hili, mwenyewe kaniambia niifikishe kabla ya magharibi.