Tahadhari kwa watengenezaji wa katuni: muuzaji wa "faili za kiwango cha televisheni"

Ninaandika tahadhari hii kwa watengenezaji wa katuni za kompyuta, hasa wale wanaokaribia kuuza kipindi chao cha kwanza kwa kituo cha televisheni. Kuna mtu anayejitangaza katika makundi ya WhatsApp na Telegram ya wahuishaji wa Tanzania na Kenya kwamba hugeuza katuni yoyote ikawa faili iliyo tayari kurushwa hewani, inayokubaliwa na kituo chochote, ndani ya saa chache, kwa sharti kwamba malipo yote yatangulie kwa simu. Kazi yangu ni kumalizia video, yaani kusawazisha rangi, kupima sauti na kukagua faili kabla hazijapelekwa kituoni. Faili zilizotoka kwa mtu huyu zimeletwa kwangu na wateja wake baada ya kukataliwa, nimezifungua na kuzipima, na ninayoyaeleza hapa ndiyo niliyoyakuta ndani yake. Jina lake halisaidii kitu, kwa sababu hulibadilisha pamoja na namba ya simu kila malalamiko yanapozidi. Mtamtambua kwa namna anavyofanya kazi.

Analolifanya mara nyingi zaidi ni hili: hupokea faili ya MP4 uliyoitoa kwa ajili ya YouTube, huihamishia katika kasha la MXF au MOV, huipa jina refu lililojaa herufi kubwa na tarakimu, kisha huirudisha. Faili ya video ina mambo mawili ambayo wengi huyachanganya. Kuna kasha, ambalo hujulikana kwa herufi za mwisho za jina la faili, na kuna kodeki, yaani namna picha zenyewe zilivyobanwa ndani ya kasha hilo. Kituo kinachoomba XDCAM HD422 kinataka MPEG-2 yenye megabiti 50 kwa sekunde na rangi za 4:2:2, yaani zilizohifadhiwa kwa ukamilifu zaidi, ndani ya MXF. Kinachoomba ProRes 422 HQ kinataka picha ambayo, kwa fremu 25 za 1920 kwa 1080, hufikia takriban megabiti 184 kwa sekunde. Ndani ya makasha ya muuzaji huyu nimekuta kodeki ya H.264 ya megabiti nne au tano, rangi za 4:2:0, yaani zilizopunguzwa kuliko 4:2:2, ileile aliyopewa na mteja. Ni uji uleule mwepesi uliohamishiwa kwenye chungu kikubwa.

Udanganyifu huu unagundulika kwa hesabu ndogo tu, na ndiyo sababu unaniuma kuona watu wenye kazi nzuri wakiupoteza mkataba kwa ajili yake. Kwa kuwa baiti moja ni biti nane, megabiti 50 kwa sekunde ni megabaiti 375 kwa dakika, kwa picha peke yake bila sauti. Kipindi cha dakika 11, ambao ni urefu wa kawaida wa katuni za watoto, hakiwezi kuwa chini ya gigabaiti 4. Muuzaji huyu hurudisha faili za megabaiti mia tatu au mia nne, na huzirudisha kwa WhatsApp, ambayo haipokei waraka unaozidi gigabaiti 2. Faili ya kweli ya XDCAM HD422 ya urefu huo haiwezi kupita hapo ikiwa nzima, kwa hiyo ukubwa peke yake unatosha kukuonya kabla hujaifungua.

Baada ya baadhi ya wateja kuanza kuuliza habari ya ukubwa, ameongeza mbinu. Sasa huchukua MP4 ileile na kuibana upya kwa megabiti 50 kamili, na MediaInfo, programu inayoorodhesha yaliyomo ndani ya faili ya video, huonyesha tarakimu zote zinazotakiwa. Hapa inabidi kutazama picha yenyewe. Rangi zilizokwisha kupunguzwa hadi 4:2:0 hazirudi kwa kuandikiwa 4:2:2, na vijisanduku vilivyojitokeza kwenye anga, moshi na vivuli wakati wa mbano wa kwanza hubaki palepale, ila sasa vimehifadhiwa kwa uaminifu mkubwa. Katuni huumia kuliko picha za kamera, kwa sababu ina maeneo mapana ya rangi moja na mipaka mikali kati ya rangi na rangi. Anga la machweo linaloteremka taratibu kutoka chungwa hadi zambarau hugeuka mistari mistari, na mkaguzi wa kituo huiona mara moja kwenye kioo kikubwa.

Eneo la pili la hasara ni idadi ya fremu, yaani picha moja moja zinazounda mwendo, na hili nitalieleza kwa urefu kwa kuwa ndilo linaloharibu uigizaji wa katuni. Blender, programu ambayo wengi wetu huitumia kutengenezea katuni, huanza na fremu 24 kwa sekunde usipoibadilisha, ilhali televisheni zetu, kwa kuwa zilikulia katika nchi za umeme wa hezi 50, hutumia fremu 25. Tofauti ni fremu moja tu, lakini haina njia ya mkato. Muuzaji huyu hurudia fremu moja katika kila sekunde, na matokeo yake ni kwamba kamera inapopita polepole juu ya mandhari, picha hushtuka mara moja kila sekunde. Ukipiga hatua fremu kwa fremu utaziona pacha hizo zikijirudia kwa mpangilio uleule hadi mwisho. Katika faili nyingine alizidisha kasi ya picha tu na kuiacha sauti kama ilivyokuwa. Kipindi cha dakika 11 kikiendeshwa kwa fremu 25 badala ya 24 huisha kwa dakika 10 na takriban sekunde 34, kwa hiyo midomo ya wahusika ilianza kuachana na maneno tangu mandhari ya kwanza, na mwishoni sauti iliendelea juu ya kioo cheusi. Kuzidisha kasi si kosa kwa asili yake. Filamu za fremu 24 zimeonyeshwa hivyo katika televisheni za Ulaya kwa miaka mingi. Lakini sauti huharakishwa pamoja na picha, kimo chake hurekebishwa ili sauti za wahusika zisipande, na kituo huarifiwa urefu mpya wa kipindi.

Waliofanya kazi kwa fremu 30 wamepata kibaya zaidi. Yeye huchanganya fremu jirani ili idadi itimie, na kila mkono unaopungwa huacha kivuli chake nyuma. Dawa ya kweli ni kuchagua fremu 25 kabla ya kuweka mwendo wowote, na kwa kazi iliyokwisha kukamilika, kurekebisha mwendo ndani ya mradi na kurenda upya, yaani kuiacha kompyuta itoe picha zote tena. Fundi mwaminifu atakuambia hivyo hata kama kwa kusema hivyo atakosa kazi.

Kuna makosa mengine ambayo nitayapitia haraka. Kituo kinachoomba 1080i, ambayo kila picha yake hugawanywa katika mafungu mawili ya mistari inayopishana, hutaka mistari ya witiri itangulie ile ya shufwa. Yeye hutumia mpangilio wa zamani wa kanda za DV ambao ni kinyume chake, na kila kitu kinachokimbia kwenye kioo hutetemeka. Viwango vya mwanga havigusi kabisa. Kompyuta huhesabu weusi hadi weupe kuanzia 0 hadi 255, ilhali video ya televisheni ya biti 8 huanzia 16 hadi 235, na mahali palipokosewa ama nyuso huwa na ukungu ama vivuli vyote humezwa. Sauti huiacha kwenye kilohezi 44.1 badala ya 48, tena kwa nguvu ya YouTube. Kipimo cha ukubwa wa sauti cha EBU R 128, ambacho vituo vingi vya Ulaya hukifuata na baadhi ya wanunuzi wa huku hukiomba, ni -23 LUFS, na kilele kisichozidi -1 dBTP. Faili moja niliyoipima ilikuwa imezidi kiwango hicho kwa vipimo 9.

Linalonitia hofu zaidi ya yote ni kile anachokiita "cheti cha usalama wa mwanga", anachokiuza kwa malipo ya ziada kwa wenye matumaini ya kuuza kazi Uingereza au Japani. Jambo lenyewe ni la kweli na lina historia nzito. Tarehe 16 Desemba 1997, kipindi cha katuni kilichorushwa nchini Japani kilionyesha mandhari ya mlipuko ambamo nyekundu na buluu zilipishana kwa kasi kubwa kwenye kioo kizima, na zaidi ya watoto 600 walipelekwa hospitali, baadhi yao wakiwa na degedege. Tangu hapo kanuni zimekazwa. Nchini Uingereza mwako wa mwanga unaozidi mara tatu ndani ya sekunde moja, ukichukua eneo kubwa la kioo, hauruhusiwi, na nyekundu iliyokolea huangaliwa kwa ukali wa pekee. Upimaji hufanywa kwa programu maalumu inayoisoma faili nzima fremu kwa fremu, na ripoti yake hueleza ni faili gani iliyopimwa na ni sehemu gani zilizokaribia mpaka. Cheti cha muuzaji huyu ni ukurasa mmoja wa PDF wenye muhuri, usiotaja jina la faili, urefu wake wala kipimo chochote. Nimeuona ukurasa huohuo kwa wateja tofauti, wenye maneno yaleyale. Katuni mojawapo ilikuwa na mandhari ya radi ambayo kwa macho tu ilipaswa kusimamishwa na kupimwa. Aliyenunua cheti hicho hakununua usalama wa mtoto yeyote.

Wapo pia wateja ambao muuzaji huyu huwauzia programu badala ya huduma. Huituma kama faili ya kusakinisha na kumwagiza mnunuzi azime kwanza kinga ya virusi. Kiini cha programu hiyo ni FFmpeg, programu ya kugeuza video ambayo hupatikana bure na imekuwapo tangu mwaka 2000, ikiwa imefunikwa dirisha lenye nembo yake. Sijui mtu yeyote makini anayeweza kukuomba uzime kinga ya kompyuta yako ili video itoke. Na kwa wengine hudai apewe faili nzima ya mradi wa Blender, pamoja na wahusika na mifupa ya kuwaendeshea, akisema bila hiyo hawezi kufikia ubora wa televisheni. Tafadhali msimpe. Mtu wa kumalizia video huhitaji picha zilizokwisha kurendwa na sauti, basi. Mhusika uliyemjenga kwa miezi ndiye mali yako, na akishakuwa mikononi mwa mgeni, kuthibitisha kwamba ni wako ni kazi ngumu na ya gharama.

Sisemi kwamba kila anayetoza fedha kwa kazi hii ni mwizi. Kumalizia video ni ufundi, unahitaji kioo kilichopimwa, masikio na muda, na mafundi wanaoufanya vizuri wanastahili ujira wao. Wanajulikana kwa swali lao la kwanza, ambalo ni: karatasi ya masharti ya kiufundi ya kituo inasemaje? Kila kituo kina masharti yake, na idara ya ufundi humpa mtayarishaji anayeuliza. Hakuna faili moja inayokubaliwa na vituo vyote, kwa hiyo anayekuahidi faili ya namna hiyo kabla hajauliza inakwenda wapi amekwisha kujieleza.

Njia yenyewe mnaweza kuifuata bila kumlipa mtu. Renda fremu zako kama picha moja moja, PNG ya biti 16 au EXR, badala ya kutoa video moja kwa moja. Kipindi cha dakika 11 ni fremu 16,500, na umeme ukikatika katikati, zilizokwisha kutoka hubaki salama na unaendelea ulipoishia. Kutokana na picha hizo, toleo la bure la DaVinci Resolve, programu ya kuhariri video, au FFmpeg kwa wasioogopa kuandika amri, litakutolea faili kuu, na kutoka humo utatoa ile ya kituo na ile ya YouTube kila moja kwa masharti yake. Kama kituo kinataka kodeki ya biti 8, ongeza chembechembe hafifu kwenye anga na maeneo mengine mapana ya rangi ili mistari isijitokeze. Maandishi na nembo viwe ndani ya asilimia 90 ya kioo. Kisha ifungue faili katika MediaInfo, ambayo nayo ni ya bure, na uilinganishe mstari kwa mstari na karatasi ya kituo.

Ukiamua kumpa mtu kazi, mpe kwanza dakika moja yenye mandhari ngumu kuliko zote, irudi, ipimwe, na ikiwezekana idara ya ufundi ya kituo iiangalie. Malipo yafuate hapo.

Kwa waliokwisha kumlipa na tarehe ya kukabidhi imekaribia: msijaribu kuitengeneza faili aliyoirudisha, kwa kuwa hakuna cha kutengenezeka ndani yake. Rudini kwenye fremu zenu za asili au mradi wenyewe, na mkiarifu kituo mapema, siku chache za nyongeza huombeka. Faili yake msiifute. Ihifadhini pamoja na mazungumzo, tangazo lake na ujumbe wa muamala, kwa sababu polisi watavihitaji vyote mtakapofungua shauri kwa walio Tanzania, chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Waliopo Tanzania watume namba yake kwenda 15040, na wateja wa Safaricom nchini Kenya waitume kwenda 333. Na aliyepokea faili kutoka kwake asiyeweza kuisoma, anitumie maandishi ya MediaInfo pamoja na masharti ya kituo, nami nitamweleza bila malipo ni kipi kilicho sahihi na ni kipi cha kurudia.