Chujio la punje za mwani: maoni yangu baada ya kulitumia karakanani

Kabla ya yote, mwani ulio ndani ya chujio hili la kunasa madini kwenye maji machafu umekufa. Umekaushwa, ukasagwa, ukafanywa punje ngumu za kahawia. Hauhitaji jua wala mbolea. Kwangu hiyo ni sifa kubwa, kwa sababu maji ya karakana ya kupaka vyuma shaba na nikeli kwa umeme yangeua mmea wowote ulio hai. Kuta za seli za mwani wa kahawia zina alginati, aina ya utomvu wa mwani, nayo huendelea kunasa madini hata baada ya mwani kufa: kalsiamu inaachia, risasi au shaba inakaa mahali pake.

Mimi nasimamia maji yanayotoka kwenye matangi ya kusuuzia. Siku zote tumetumia chokaa. Unapandisha pH (kipimo cha tindikali: ikishuka, tindikali imezidi), madini yanagandamana, yanatuama, unazoa tope. Chokaa inafaa sana maji yakiwa na madini mengi, lakini zile miligramu chache kwa lita zinazobaki haizimalizi. Ukizidisha, unajiongezea tope tu. Na masalio hayo si ya kupuuza. Kwa maji ya kunywa, Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha risasi kuwa miligramu 0.01 kwa lita, na risasi ikishaingia mtoni haiozi.

Hapo ndipo chujio hili limenifurahisha kweli. Kwa risasi na shaba sina lalamiko lolote. Mwani wa jamii ya Sargassum ukiwa mkavu unaweza kushika takribani miligramu 200 za risasi kwa gramu moja, na kazi yake naiona kila nikipokea majibu ya maabara.

Nikeli ni habari nyingine. Mwani unaishika kwa ulegevu, na shaba ikifika inaing'oa. Chujio likikaribia kujaa, nikeli hutangulia kutoka, na kwa muda maji yanayotoka yanaweza kuwa na nikeli nyingi kuliko yanayoingia! Kijitabu cha maelekezo hakigusii jambo hili kabisa. Pima nikeli kwenye bomba la kutokea, usingoje shaba ikuonyeshe kwamba chujio limechoka.

Kijitabu hichohicho kinasema litumike kwenye “pH ya kawaida”. Hayo si maelekezo. Linafanya kazi vizuri kati ya 4 na 5. Maji yakiwa na tindikali zaidi ya hapo, ioni za haidrojeni (chembe zenye chaji zinazotokana na tindikali) zinakalia nafasi za madini. pH ikipanda sana, madini yanagandamana juu ya punje na kuziba njia. Kwa hiyo maji yaliyotoka kwenye chokaa lazima yashushwe pH kwanza, na kipima pH kizuri ni sehemu ya gharama. Wenye kromiamu ya valensi 6, ile aina ya kromiamu yenye sumu kali, wasichanganye mkondo huo na mingine, maana yenyewe hunaswa kwenye tindikali kali, pH kama 2.

Kuosha ni rahisi. Tindikali ya haidrokloriki iliyozimuliwa hadi molari 0.1 (moli 0.1 kwa lita) inatoa shaba yote katika maji machache ya kijanikibuluu, ambayo unaweza kuyapitisha umeme ukairudisha shaba. Usipokuwa na mpango wa maji hayo, bado una sumu mkononi, tena iliyokolea. Baada ya tindikali, loweka punje kwenye kloridi ya kalsiamu kabla ya kuzirudisha kazini. Punje zisizoimarishwa vizuri huvimba na kutoa rangi ya kahawia, ambayo ni alginati inayovuja, kwa hiyo omba sampuli uiloweke kabla ya kununua.

Ningelinunua tena, likae nyuma ya tangi la chokaa. Karakana inayotoa nikeli peke yake itafute resini, yaani punje za plastiki za kubadilishana ioni.